Mishale ya Aruwimi Mjini Dublin

Kwenye kitako cha sanamu moja mjini Dublin, mtu ameinama juu ya kifua cha mwenzake na kunyonya jeraha. Anayenyonya ni Thomas Heazle Parke, daktari wa jeshi, mzaliwa wa kaunti ya Roscommon. Aliyelala ni William Stairs, ofisa kutoka Halifax, Kanada, aliyechomwa mshale wa sumu tarehe 13 Agosti 1887 mahali palipoitwa Avisibba, ukingoni mwa Aruwimi. Juu ya kitako hicho Parke amesimama mzima katika shaba, bunduki mkononi, mbele ya makumbusho ya wanyama katika mtaa wa Merrion. Sanamu ni kazi ya Percy Wood, ya mwaka 1896, na mvua za Ireland zimekuwa zikiiosha tangu hapo. Picha yake niliipata kwenye simu kutoka kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, mzaliwa wa Mangobo hapa Kisangani, anayesoma Liège. Darasa lake lilipelekwa Ireland kwa ziara fupi ya masomo, wakaonje utamaduni wa huko na kunyoosha Kiingereza chao. Chini ya picha aliandika maneno machache tu: "Mjomba, mto wetu uko huku."

Ni kweli, ni mto wetu. Aruwimi huanzia mashariki kwa jina la Ituri, hupita Banalia, hupita Yambuya, kisha huingia katika mto mkubwa pale Basoko, na yeyote aliyewahi kuteremka kwa mashua ya baleinière kutoka Kisangani kwenda Bumba ameuona mdomo wake. Kwangu ulikuwa mto wa samaki, wa mafundo ya kamba, wa wafanyabiashara wanaolala juu ya magunia ya mchele. Haikunijia kwamba katika mji wa mawe ya kijivu, ng'ambo ya bahari mbili, watoto wa shule hupita kila asubuhi mbele ya mishale ya Aruwimi wakiwa na mikoba mgongoni, na hakuna anayewaambia kwamba mto ule bado unatiririka na una watu. Mwanafunzi alipelekwa akaone ya wenzake, akayakuta ya kwao yamesimikwa barabarani.

Mambo waliyoonyeshwa alinisimulia usiku, mtandao ulipotulia. Walifundishwa hatua za ngoma ya Kiairishi, mgongo wima, mikono imetulia ubavuni, miguu peke yake ikisema. Walishikishwa gongo la hurling uwanjani, mchezo ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya zumari la uilleann, ambalo kiriba chake hujazwa upepo kwa kiwiko, na mwaka mmoja kabla ya kinubi. Walipelekwa magharibi, kwenye majabali ya Moher, wakasimama mbele ya Atlantiki mpaka masikio yakafa ganzi. Sina neno baya juu ya hayo. Watu wana haki ya kumtangulizia mgeni kile wanachokipenda, na rumba yetu ilipoingia katika orodha hiyo hiyo Desemba 2021 tulishangilia pande zote mbili za mto. Hapa Kisangani nasi hufanya vivyo hivyo. Mgeni akifika tunampeleka kwa Wagenia, pale maji yanapovunjika juu ya mawe, aone magogo marefu yaliyosimikwa katikati ya mkondo na mitego mipana ya fito iliyofungwa kwa kamba za mwituni, aone wavuvi wakipanda na kushuka juu ya povu bila kuyumba. Anapiga picha, anatoa kitu kidogo, anaondoka. Haambiwi kwamba mahali pa kutega hurithiwa katika ukoo, kwamba magogo yale yana wenyewe, kwamba maji ambayo yeye anayaona ni mamoja wenyeji wanayaona yamegawanywa tangu enzi za mababu. Mgeni siku mbili, wahenga walisema, siku ya tatu mpe jembe. Ziara fupi huishia siku ya pili, kabla jembe halijatolewa ndani, na ni jembe ndilo lingemfundisha.

Bamba la shaba la kitako kile nalo ni ziara fupi. Lina kile linachokionyesha na kile linachokiacha, na mimi nimekaa na picha ile nikitafuta walioachwa. Msafara ulikuwa wa mpelelezi Stanley, wa kwenda kumwokoa gavana Emin Pasha. Februari 1887 meli Madura iliondoka Unguja na wanaume zaidi ya 600 walioandikishwa pale, pamoja na Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na jamaa zake, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi kwenye mdomo wa Kongo. Siku ile ya Avisibba mishale haikumpata Stairs peke yake. Walichomwa Wazanzibari pia, na siku zilizofuata baadhi yao walikufa kwa pepopunda, taya zimekaza, wakiwa mbali na bahari yao kwa umbali ambao hakuna hata mmoja wao angeweza kuukadiria. Hawamo kwenye bamba. Hawamo pia waliotupa mishale, watu waliokuwa wakilinda ndizi na mihogo yao dhidi ya wageni wenye bunduki na njaa. Daktari alifanya jambo la ujasiri na la huruma, sitaki kumpunguzia. Kunyonya sumu kwa mdomo wako ili mwenzako aishi si jambo dogo mahali popote duniani. Ila mchongaji alikuwa na nafasi ya miili miwili tu, akachagua miwili.

Wengine wa msafara ule waliachwa Yambuya, ndani ya mkoa wetu huu wa Tshopo, wasubiri wapagazi wa Tippu Tip ambao walikawia na kukawia. Walikaa hapo tangu Juni 1887, na Stanley aliporudi kuwatafuta Agosti ya mwaka uliofuata, wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Walikufa kwa maradhi, kwa mapigo, kwa njaa, na pia kwa muhogo. Muhogo mchungu wa msituni hutaka kulowekwa kwa siku kadhaa, kuanikwa, kisha ndipo uliwe. Mama yeyote wa soko kuu la Kisangani anajua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Wale wanaume wa pwani walikuwa wamezoea muhogo wa kwao, mtamu, unaotafunwa shambani, na hakukuwa na mtu wa kuwafundisha, kwa sababu wenyeji wa Yambuya walikuwa wamefukuzwa katika kijiji chao ili kambi ikae. Chakula kilikuwepo, maarifa yalikuwa yamefukuzwa. Nadhani kumbukumbu ya watu nayo ni muhogo mchungu wa namna hiyo: ipo tele, inalisha, lakini anayeila bila wenyeji wake inamdhuru.

Mpwa wangu alinitumia picha nyingine, kutoka gati la Custom House, kwenye ukingo wa mto Liffey. Hapo pana watu wa shaba wa Rowan Gillespie, wa mwaka 1997, wembamba kama mafupa yenyewe, wakitembea kuelekea meli, mmoja amembeba mwingine mabegani. Hao ni wa njaa kuu ya viazi, iliyoanza 1845 na kuendelea hadi karibu 1852, ambayo iliua watu wapatao milioni moja na kuwatawanya wengine milioni moja, huku nafaka ikiendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Roscommon ilikuwa kati ya kaunti zilizoumia zaidi. Parke alizaliwa 1857, katika nchi ambayo bado ilikuwa ikihesabu nyumba zake tupu, na miaka thelathini baadaye akawa miongoni mwa maofisa wa msafara ulioacha watu wafe njaa kandokando ya Aruwimi. Yeye mwenyewe alikaa katika kambi ya Ipoto miezi kadhaa akiwa nusu mfu kwa njaa, na kati ya wale maofisa wa Stanley ndiye ninayemhurumia. Hata hivyo ninapoziweka picha hizo mbili kando kwa kando kwenye kioo cha simu, mtu wa bunduki na watu wa njaa, zinanisumbua kwa sababu zote mbili ni mji mmoja, nchi moja, na pengine familia hizo hizo. Ireland ilitawaliwa, na Ireland ilitoa watumishi wa utawala. Taifa moja linaweza kuyabeba yote mawili kwa vizazi na vizazi bila kuyakutanisha.

Na ile huruma ya Avisibba ilifika wapi? Stairs alipona. Mwaka 1891 alirudi Afrika akiongoza msafara wake mwenyewe kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, kwa niaba ya Kampuni ya Katanga ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na tarehe 20 Desemba mwaka huo, karibu na Bunkeya, watu wake walimpiga risasi na kumuua Mwami Msiri, Mnyamwezi aliyejijengea dola kati ya Lualaba na Luapula. Kichwa chake kilikatwa. Miezi michache baadaye Stairs naye alikufa kwa malaria huko Chinde, kwenye mdomo wa Zambezi, na Parke akafuata 1893, akiwa Uskoti. Kwa hiyo sumu iliyonyonywa Aruwimi ndiyo iliyomwezesha mtu mmoja kutembea hadi Bunkeya. Simlaumu daktari, daktari hamwulizi mgonjwa atakwenda wapi akipona. Ninachosema ni kwamba kisa hakiishii pale kilipogandishwa na shaba, na mwanafunzi wa Kisangani aliyesimama mtaa wa Merrion anakijua kinavyoendelea, wakati mwenyeji wake aliyeizoea sanamu tangu utotoni pengine hakijui.

Kulikuwa na Mwairishi mwingine katika msafara ule wa Stanley, wa damu ingawa alizaliwa Uskoti: James Sligo Jameson, wa ukoo wa watengenezaji wa wiski ya Dublin ambayo chupa zake zinauzwa hadi leo. Alikuwa mtu wa elimu ya viumbe, mkusanyaji wa ndege na vipepeo, mwenye mkono hodari wa kuchora. Mei 1888, alipokuwa Riba-Riba, juu ya maporomoko yetu, alitoa leso kadhaa, na mtoto wa kike akaletwa, akauawa mbele yake na kuliwa. Baadaye akachora alichokiona. Ameyaandika mwenyewe, akijitetea kwamba alidhani ni mzaha. Alikaa katika nchi hii zaidi ya mwaka mzima, akaijua misitu na mito yake, akajifunza majina ya vipepeo. Jina la yule mtoto hakuliandika. Nimejaribu mara nyingi kufikiri nitamwambia nini kijana anayeniuliza safari ndefu ina faida gani kuliko fupi, na kila mara ninakwama hapo, kwa yule mtu wa mwaka mzima na kitabu chake cha michoro.

Juni 1890, Matadi, wageni wawili walikutana na kukaa pamoja kwa siku chache. Mmoja alikuwa baharia Mpolandi, Joseph Conrad, ambaye Septemba ya mwaka huo alifika hapa kwetu, wakati huo ikiitwa Stanley Falls, kwa stima Roi des Belges, akakaa kidogo, akaugua, akarudi. Kutokana na safari hiyo alitoa hadithi inayosomwa ulimwengu mzima, ambamo watu wa kando ya mto huu ni vivuli, ngoma na macho gizani, na karibu hakuna anayezungumza. Wa pili alikuwa Roger Casement, mzaliwa wa Dublin. Mwaka 1903, akiwa konsuli wa Uingereza, alipanda mto kwa stima aliyoikodi kwa wamisionari, akaenda hadi ziwa Tumba na mito ya Lulonga na Lopori. Hakufika kwetu, kwenye maporomoko ya Boyoma. Aliondoka Juni, Septemba alikuwa amekwisha kurudi kwenye Bwawa la Stanley. Ilikuwa safari fupi, fupi kuliko muhula wa chuo. Lakini alikaa chini na kusikiliza. Waliokatwa mikono, waliokimbia vijiji kwa ajili ya mpira, wanawake waliowekwa rehani hadi waume walete vikapu, aliwauliza na kuandika walichojibu kwa nafsi ya kwanza, wao wakisema "mimi". Serikali ilipoichapisha taarifa mwaka 1904 iliondoa majina ya watu na vijiji na kuweka herufi mahali pake, lakini sauti zilibaki. Taarifa ile ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomnyang'anya Leopold nchi hii mwaka 1908.

Kinachonivuta zaidi kwa Casement ni kile Kongo ilichomfanyia yeye. Baadaye alieleza katika barua kwamba ni huku msituni, akimtafuta Leopold, ndiko alikojikuta yeye mwenyewe kuwa Mwairishi. Aliporudi alianza kujifunza Kiairishi, akatoa fedha zake kwa shule zilizokifundisha, na 1913, homa ya njaa iletwayo na chawa ilipozuka Connemara, alichangisha ili watoto wa shule wapate kula. Aprili 1916 alishuka kutoka nyambizi ya Kijerumani kwenye pwani ya Kerry, akakamatwa, na tarehe 3 Agosti akanyongwa London. Mifupa yake ilirudishwa Ireland mwaka 1965 ikazikwa katika makaburi ya Glasnevin. Nilimwomba mpwa wangu, akipata nafasi, aende huko, naye akaacha duka la zawadi akaenda. Makaburini humo, si mbali na Casement, wamelala pia askari wa Umoja wa Mataifa waliouawa Niemba, kaskazini mwa Katanga, tarehe 8 Novemba 1960. Walikuwa vijana wa Kiairishi walioletwa na mwito wa Lumumba, mtu aliyewahi kufanya kazi hapa Stanleyville akiwa karani wa posta. Na ni katika posta kuu ya Dublin ndimo uasi wa 1916 dhidi ya Waingereza ulimoweka makao yake. Kati ya posta na posta, kati ya kaburi na kaburi, mtoto wa Mangobo alikuwa akitembea katika nchi ambayo nusu ya mawe yake yalikuwa yanamjua. Waluba waliopigana nao wakafa siku hiyo hiyo Niemba, nao wengi, sijui jiwe lao liko wapi. Na haifai kusahau kwamba Novemba 1964 aliyeingia mjini kwetu na mamluki wake alikuwa Mike Hoare, mwana wa wazazi wa Kiairishi.

Lakini jambo ambalo tumelizungumza zaidi, yeye na mimi, ni dogo kuliko yote hayo na halina sanamu. Huko magharibi, Connemara, alikutana na watoto wenyeji wa Ireland, wa Dublin na miji mingine, ambao nao walikuwa kwenye ziara fupi ya masomo ili kuujua utamaduni wa Kiairishi. Utamaduni wao wenyewe! Kila kiangazi watoto kwa maelfu hupelekwa katika maeneo yaitwayo Gaeltacht, ambako Kiairishi bado kinasemwa nyumbani, wakakaa majuma matatu hivi. Wanalala katika nyumba za wenyeji, mama mwenye nyumba anawapikia na kuwakaripia kwa Kiairishi, asubuhi wanasoma, jioni wanacheza ngoma, na atakayeng'ang'ania Kiingereza anaweza kurudishwa kwao. Jambo hilo lina mizizi katika chuo kilichofunguliwa Ballingeary mwaka 1904 kwa ajili ya walimu, mwaka ule ule wa taarifa ya Casement. Serikali inawalipa wenyeji kwa kuwapokea. Mpwa wangu alishangaa. Alidhani utamaduni ni kitu unachokwenda kukitazama kwa watu wengine, kumbe hapo palikuwa na taifa zima linalokwenda kwa bibi yake kujifunza kusalimu.

Sababu ya safari hizo tunaijua kwa miili yetu. Karne ya kumi na tisa mtoto wa Kiairishi alivishwa kijiti shingoni, na kila alipoteleza akasema lugha ya mama yake kikakatwa alama, na jioni alama zikahesabiwa kwa fimbo. Sisi tuliosoma shule za mjini tunakikumbuka kitu tulichovishwa kwa kosa hilo hilo, kwa ajili ya Kifaransa, na jinsi mtoto alivyomvizia rafiki yake ateleze ili amkabidhi. Njaa iliua wasemaji, merikebu zikawachukua, shule ikamaliza. Leo Katiba ya Ireland, ya 1937, inakiita Kiairishi lugha ya kwanza ya dola. Katika sensa ya 2022 watu zaidi ya milioni 1.8 walisema wanakijua, lakini waliokisema kila siku nje ya shule hawakufika 72,000. Kati ya hesabu hizo mbili pana pengo kubwa, na ndani ya pengo hilo wamo hao watoto wa majuma matatu, wenye mikoba yao, waliotumwa wajaribu kulivuka. Wapo wanaosema ni bure. Mimi siwezi kusema ni bure. Majuma matatu kwa mwenyeji anayekusemesha, anayekupa jembe, yanafaa kuliko miaka ya darasani.

Naandika haya kwa Kiswahili, na naipenda lugha hii kama ninavyopenda sauti ya maporomoko. Hata hivyo kwenye kona hii ya mto Kiswahili ni mgeni aliyepewa kiti. Kiliteremka Lualaba na Tippu Tip na Wangwana wake, na pembe, na minyororo, kisha kikakaa, kikaoa, kikazaa, kikawa chetu. Kando yake ziko lugha zilizokuwepo: Kienya cha Wagenia, Kilokele cha watu wa mto kuanzia hapa hadi Isangi, Kikumu, Kitopoke. Mwacha mila ni mtumwa, tunapenda kuwaambia vijana, na katika mji huu methali hiyo inakata pande zote mbili, maana waliotuletea lugha tunayoitamkia ndio waliotufanya watumwa. Walokele walikuwa na lokole, gogo lililochongwa mwanya, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini, na kwa sauti hizo mbili walisema kila kitu: fulani amefiwa, mashua inakuja, kutakuwa na mieleka kesho. Kwa kuwa maneno mengi yana mlio mmoja, kila neno lilifungwa ndani ya maneno marefu ya kulitambulisha, mashairi mafupi yaliyorithiwa, na habari iliruka kutoka kijiji hadi kijiji kabla ya mpiga kasia kushika kasia lake. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyekuja Yakusu mwaka 1938, aliketi na wapigaji hadi akaweza kuitwa na kuitika kwa ngoma, na katika kitabu chake cha 1949 tayari alikuwa akieleza kwa masikitiko kwamba vijana wa shule hawaijui. Hiyo ilikuwa 1949. Yakusu haiko mbali na hapa, kuteremka mto tu.

Baba wa mpwa wangu ni Mlokele, na bibi yake mzaa baba yuko Isangi, pale Lomami inapoingia mtoni. Yeye huongea naye kwa Lingala, bibi akijibu kwa Kilokele polepole, na kila mmoja akiridhika na nusu. Tangu arudi Liège amekuwa akiniuliza maswali ambayo hakuwahi kuniuliza. Je, bibi angekubali kupokea wageni wa majuma matatu, si yeye peke yake, bali na wadogo zake wawili wa Mangobo na watoto wa majirani? Je, sheria ya Connemara ingewezekana, yaani akisema mtu Kifaransa au hata Lingala ndani ya ua, anakwenda kuteka maji? Ni nani angelipa chakula? Nimemwandikia shangazi yake aliyeko Isangi, naye amejibu kwamba bibi amecheka sana, kisha akauliza watakuwa wangapi ili alime kipande zaidi. Tumepanga Agosti. Baleinière inaondoka Kisangani inapojaa, si kwa saa, kwa hiyo itabidi walale bandarini. Vitabu hakuna, na sioni ubaya wake. Dada yangu anatafuta neti za mbu, mimi nimechukua jukumu la chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Yuko mzee mmoja Yakusu ambaye bado ana lokole na bado anaipiga misiba inapotokea. Nilikwenda kumwuliza kama angewafundisha. Alisema wavulana ndiyo, lakini kuhusu wasichana, kwa kuwa zamani ilikuwa kazi ya wanaume, lazima kwanza awaulize wenzake, na hadi leo nasubiri jibu.